Hatua Mia Mbili na Kumi

Keringet,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako ndugu yangu Kipkorir,

Chamgei. Natumaini joto la Voi halijakumaliza. Sisi huku ni wazima, isipokuwa uchovu, na huo hauna dawa ya duka. Mvua ilichelewa hadi tarehe 9 Aprili, na tangu hapo haijapumzika. Viazi vya shamba la juu vimeanza kuwa vyeusi majani. Chelimo alikuja Pasaka kutoka Kiamunyi, akafua mapazia ambayo hakuna aliyemwomba afue, akarudi kazini. Mwezi uliopita ulitimiza mwaka mmoja tangu mama yake, Jepleting, atuache. Tuliomba, watu wakanywa chai.

Najua masikio yako hayashiki simu tena. Na ujumbe wa simu nao, nikikuuliza swali wewe hujibu "ok". Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Shida yangu ni kondoo. Tangu Machi nimepoteza saba. Jirani yangu Muturi, ng'ambo ya kijito, amepoteza wawili. Ni fisi, wanatoka msituni. Mimi na Muturi tulisimama pamoja kwenye baraza la chifu tukaeleza. Watu wa wanyamapori walikuja mara moja, wakapiga picha ya kinyesi, wakaenda zao. Sasa nimeamua kuomba leseni ya bunduki.

Wewe umeshika bunduki miaka ishirini na sita. Mimi nimeshika kalamu ya ushirika wa maziwa. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tarehe 8 nilikwenda Nairobi dukani. Muuzaji alinitolea tatu. Ya kwanza ni ya kuvuta komeo, ina darubini. Ya pili ni ya marisau. Ya tatu ni fupi, ina kitanzi cha chuma chini penye kifyatulio. Unasukuma kitanzi chini, unakirudisha juu, risasi nyingine imeingia. Akasema hiyo inakula risasi za bastola.

Nikamwambia, "Kijana, sikuja kutafuta bastola."

Akaniangalia toka kofia mpaka viatu. "Mzee, kwa bega hilo, chukua hii."

Nataka kujua: bunduki inayokula chakula cha bastola ni bunduki kweli? Fisi atalala? Alisema ipo ya 357 na ya 44. Ipi? Tena fomu inataka watu wawili watie sahihi kwamba wananifahamu na nina akili timamu. Nimefikiria Muturi na wewe.

Ni mimi mkubwa wako,
Weldon Kosgei


Voi,
2 Juni 2025

Kwako Baba Chelimo,

Chamgei mising. Barua yako ilikaa ofisi ya ranchi siku sita chini ya birika, ndiyo maana ile alama ya duara unayoiona nyuma ya bahasha hii. Nimetumia bahasha yako tena. Mimi ni mzima. Sikio la kulia limekwisha kabisa, la kushoto linasikia ndege. Walinzi ninaowafundisha wamegundua kwamba wakisimama kulia wanaweza kunitukana bure. Nasoma midomo lakini siwaambii.

Pole tena kwa mwaka ule kutimia. Nilipaswa kuwepo.

Sasa bunduki. Huyo kijana wa dukani hakukudanganya. Ya komeo yenye darubini ni ya mtu anayepiga swala kutoka kilima hiki hadi kile. Risasi yake ikikosa fisi wako, haikosi kitu kingine. Itaendelea mpaka ipate mlango wa mtu. Ya marisau ni nzuri, lakini inapiga teke, na wewe ulivunjika mfupa wa bega ulipoanguka na pikipiki, usijifanye umesahau.

Ile ya kitanzi ni bunduki kweli. Risasi ya bastola ikipitia mtutu mrefu hupata mbio kuliko ikitoka kwenye bastola. Kwa fisi, hatua thelathini, hata hamsini, inatosha. Ni nyepesi, teke lake ni kama la mbuzi. Kati ya 357 na 44, chukua 357. Si kwa sababu ina nguvu zaidi, maana haina. Ni kwa sababu hiyo bunduki hukubali pia risasi za 38, ambazo ni tulivu na hupatikana kwa urahisi, na utafanyia mazoezi hizo. Mtu achague risasi kwanza, bunduki baadaye. Nimeona wazee wawili hapa wenye bunduki nzuri za 44 wanazozipaka mafuta kila Jumamosi kwa sababu risasi hazijafika.

Lakini usidanganywe kwamba risasi ya bastola huanguka miguuni. Inachoka mapema, ila kabla haijachoka inaua. Nyumba iliyo karibu nawe zaidi iko hatua ngapi? Na wewe uliye na shajara tangu kidato cha pili, ninakilie siku zile kondoo walipokufa, jinsi ulivyoandika. Nataka kujua huyo mnyama anakujaje.

Kuhusu sahihi, tutaona.

Mdogo wako,
Kipkorir


Keringet,
20 Juni 2025

Ndugu yangu Kipkorir,

Salamu nyingi. Chelimo amepandishwa cheo pale shuleni na sasa analalamika zaidi. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Viazi tuliviokoa nusu.

Ulinipa kazi nikaifanya. Nyumba iliyo karibu ni ya Muturi. Kutoka mlango wangu hadi wake, kupitia daraja la magogo, ni hatua mia mbili na kumi. Nimehesabu mara mbili.

Haya ndiyo ya shajara, sijabadilisha neno:

"14 Machi. Kondoo jike mmoja. Paja la nyuma limeraruliwa. Fisi."

"29 Machi. Wawili. Mmoja shingoni, mmoja miguu ya nyuma. Manyoya yametapakaa mpaka kijitoni. Hawakuliwa. Fisi."

"6 Mei. Wanne. Mmoja alikuwa na mimba. Hawakuliwa, isipokuwa sikio. Fisi."

"17 Juni. Mmoja wa Muturi, wa tatu kwake. Kaniita nikaone. Fisi."

Nimekubali ushauri wako wa 357. Nimeanza mazoezi kwa mpini wa jembe: naweka begani, nasukuma kitanzi kisichokuwepo, narudisha. Muturi alinikuta nyuma ya zizi nikifanya hivyo. Akasimama muda mrefu.

"Mzee Kosgei, jembe limekwama?"

"Najifunza."

"Basi jifunze ukiangalia upande wa msitu," akasema, akaenda kukama.

Niambie jambo moja. Kitu kikiwa mbali hatua thelathini na giza limeingia, mtu ataona nini hasa kabla ya kupiga? Ataona macho tu au ataona mnyama mzima?

Wako,
Weldon


Voi,
14 Julai 2025

Kwako Baba Chelimo,

Hongera kwa Chelimo na kwa ndama. Hapa ukame umeanza. Ndovu walibomoa tangi la maji wiki iliyopita, sasa tunaoga kwa kikombe. Daktari wa masikio kule Mombasa ameniambia nije tena Oktoba, kwa sauti ya juu, nikamwona mate yakiruka.

Kwanza kuhusu kitanzi. Unasukuma mpaka mwisho na kurudisha mpaka mwisho. Mtu mwenye woga husukuma nusu, risasi ikalala mlalo ndani na bunduki ikawa rungu. Ukishika mpini wa jembe, jifunze kutokuwa na nusu.

Umeniuliza mtu huona nini gizani. Huona kile alichokuja akikifikiria. Sitaki kusema zaidi hapo.

Sasa nisikilize. Nimesoma shajara yako mara nne. Weldon, fisi hali sikio akaacha paja. Fisi ana njaa. Anakula mfupa, anakula ngozi, asubuhi unakuta doa tu na kwato moja. Fisi haui wanne akawaacha wamelala. Huyu wako hana njaa. Huyu anacheza. Anakimbiza kutoka nyuma ndiyo maana majeraha ni ya mapaja, na manyoya yametapakaa kwa sababu ya mbio. Nimeona kazi hiyo mara nyingi kwenye mabwawa ya ranchi, na kila mara walikuwa mbwa.

Kwa hiyo naomba unijibu maswali mawili. Siku hizo nne mbwa wa boma walibweka? Na Tomi, yule mbwa wa Jepleting, alikuwa wapi?

Mdogo wako,
Kipkorir


Keringet,
30 Julai 2025

Ndugu Kipkorir,

Sisi ni wazima. Baridi ni kali mwaka huu.

Umeuliza mbwa. Mbwa ni mzima. Tangu Jepleting aondoke hali vizuri lakini ni mzima.

Ndani ya bahasha hii utapata fomu. Muturi amekwisha kutia sahihi. Alikuja Jumamosi, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasoma yote mara mbili, hata maandishi madogo. Akauliza, "Hii bunduki inapiga mpaka wapi?"

Nikamwambia, "Kazi yake ni hatua thelathini."

Akasema kwamba mwaka 2008, yeye alipokuwa kwenye mahema ya wakimbizi wa ghasia kule Nakuru na watu wakisema kila kitu chake si chake tena, mimi nilimkamia ng'ombe wake miezi saba, na aliporudi nikamfungulia shajara akaona lita za kila siku, hata siku ile ndama alipovunja kibuyu na maziwa yakamwagika. "Mtu wa namna hiyo siwezi kumnyima sahihi," akasema. Akaandika jina lake pole pole.

Imebaki sahihi yako tu. Muuzaji amesema ile ya 357 ataniwekea hadi Oktoba. Sijakuomba kitu tangu mazishi ya baba. Tafadhali.

Weldon


Voi,
19 Septemba 2025

Kwako Baba Chelimo,

Nimechelewa. Sikuwa mgonjwa na gari la posta halikuharibika. Fomu ilikaa mezani, nikawa nala chakula kando yake.

Kwanza habari: mvua bado, tangi limejengwa, na mlinzi mmoja, Nderitu, amepata mtoto wa kike. Wameniomba nichague jina. Nimekataa, wakampa jina zuri.

Hukujibu maswali yangu. Uliandika "mbwa ni mzima" kama mtu anayemficha mgeni chumba cha ndani. Nitakuambia langu kwanza, labda litakusaidia kusema lako.

Unajua niliacha kazi ya serikali 2013. Niliwaambia ni masikio. Masikio yalikuwa mabovu, hiyo ni kweli. Lakini mwaka ule, wakati wa magharibi, tulikuwa tunafuata nyayo za watu wa pembe. Nilimwona mtu ameinama kwenye kichaka ameshika kitu kirefu. Nilikuwa nimekuja nikimfikiria jangili, kwa hiyo nilimwona jangili. Alikuwa na mzinga wa nyuki, Weldon. Kile kirefu kilikuwa kipande cha gogo la kuwashia moshi.

Hakufa palepale. Aliniambia jina lake, sikulisikia, kwa sababu bunduki ilikuwa imelia karibu na sikio langu. Alilirudia mara mbili. Niliona midomo.

Katika ripoti niliandika "jangili". Wakubwa walitia sahihi chini. Neno hilo liko kwenye faili mpaka leo na mwandiko ni wangu.

Ndiyo maana situmii kalamu yangu kwenye fomu ya bunduki ya mtu yeyote, hata walinzi wangu hutafuta mwingine. Nakurudishia hii kama ilivyokuja. Ile bunduki si mbaya. Nilikushauri kweli na ningekushauri vilevile leo: 357, na risasi za 38 za mazoezi. Lakini ile barua yako ya Juni, ulipouliza kama mtu ataona macho tu au mnyama mzima, imenikosesha raha. Ulitaka nikujibu kwamba ataona macho tu. Kwa nini?

Wewe ulinifundisha kuandika. Ulinipiga rula nilipoandika "labda" kwenye hesabu. Neno lile "fisi" kwenye shajara yako, uliliandika ukiwa na hakika?

Mdogo wako anayekupenda,
Kipkorir


Keringet,
9 Novemba 2025

Ndugu yangu Kipkorir,

Chamgei. Naandika nyuma ya ile fomu. Upande huu ni safi na karatasi ni nzuri.

Habari za nyumbani kwanza, maana ndivyo baba alivyotufundisha. Chelimo yuko hapa tangu Ijumaa. Viazi vya mvua ya vuli vimetoka vizuri. Nimesoma barua yako peke yangu, sikumwonyesha, wala sitamwonyesha. Habari ya yule mtu wa mzinga nimeirudia mara mbili. Ninajua tu kwamba kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nakuuliza habari za masikio, nawe ukawa unanijibu habari za masikio. Pole, mdogo wangu.

Sasa langu.

Tarehe 30 Machi, asubuhi baada ya wale wawili kufa, nilimkuta Tomi amelala mlangoni pa jikoni, pale alipokuwa akimngoja Jepleting ampe maziwa ya chini ya sufuria. Manyoya ya kondoo yalikuwa yamemganda kwenye meno. Alitikisa mkia. Nilichemsha maji, nikamwosha mdomo kwa sabuni ya kufulia, vizuri, mpaka ndani ya midomo. Alinyamaza kama mtoto anayeoshwa kwenda kanisani. Kisha nikaingia ndani. Shajara ilikuwa wazi, ya jana yake ilikuwa haijamaliziwa. Nikaongeza: fisi.

Unaelewa? Ile ya Machi 14 niliandika nikiamini. Zilizofuata niliandika nikijua. Kisha nikasimama mbele ya chifu na Muturi kando yangu, nikasema fisi, na yeye akasema fisi kwa sababu mimi nimesema.

Hakuwa hivyo zamani. Jepleting alimlea tangu hajafungua macho, kwa kitambaa kilicholoweshwa maziwa. Alipozikwa, mbwa alikataa ugali wa mkono wangu. Akaanza kutembea. Sikumfunga, kwa sababu kila alipotoka nilifikiri amekwenda kumtafuta.

Nilijua kinachotakiwa. Mbwa aliyeonja mchezo huo hafundishwi, kila mtu huku anajua. Lakini nilitaka kifanyike kutoka hatua thelathini, gizani, nione macho tu. Asubuhi ningekwenda kuangalia, ningesema lo, kumbe nimempiga Tomi kwa bahati mbaya nikimlenga fisi. Ningeandika hivyo. Ndiyo maana nilitaka kitu chepesi kisichopiga teke. Nilipima urefu wake, nikauliza uzito, nikalinganisha 357 na 44, miezi sita, nikijiambia ninachagua bunduki.

Barua yako ilifika tarehe 2 Oktoba. Sikuijibu kwa sababu kulikuwa na mlango wa kubisha kwanza. Ilinichukua siku tisa kuvuka daraja.

Nilimkuta Muturi akiparura karoti. Nilimwambia nikiwa nimesimama: "Mbwa ni wangu. Niliosha mdomo wake. Nilijua siku ulipotia sahihi."

Aliendelea na karoti mpaka akamaliza ile aliyoishika.

"Nilimwona Agosti," akasema. "Amevuka kijito na mkia juu."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nakungoja. Wewe ndiye mwenye shajara."

Nimempelekea kondoo watatu majike. Alikataa mmoja kwa kuwa anachechemea, tukabadilisha. Kwa chifu tulikwenda wote wawili tena. Chifu alicheka mpaka akatoa miwani, kisha akakasirika kwa sababu ameandika barua mbili kwa sababu yetu.

Nilimtafutia Tomi mahali pengine kwanza. Chelimo ana ukuta lakini mwenye nyumba hataki mbwa. Wengine wote ninaowajua wana kondoo. Tarehe 25 Oktoba, saa nne asubuhi, daktari wa mifugo alikuja na sindano. Jua lilikuwa limetoka. Nilimpa maziwa kwenye sufuria ile ya Jepleting, akayanywa yote, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe. Nilimwona mzima, ndugu yangu, kila unywele. Katika shajara nimeandika jina lake. Nimerudi pia kwenye zile kurasa tatu, nikakata neno fisi kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na juu yake nikaandika lililo kweli.

Muturi alikuja na jembe bila kuitwa. Tulichimba chini ya mgunga wa zizi, yeye na mimi tukipokezana kwa sababu ya bega langu. Tulipomaliza tukakaa kwenye udongo. Akauliza habari za bunduki. Nikamwambia sinunui, ndugu yangu amekataa sahihi, na amefanya vizuri.

"Ulisema kazi yake ni hatua thelathini," akasema.

"Kazi yake. Lakini inafika mbali zaidi."

"Mpaka mlangoni kwangu?"

"Inafika."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Mia moja tisini na nne," akasema. "Nilihesabu nikienda nyumbani, jioni ile niliyotia sahihi."

Nikamwambia kwangu ilitoka mia mbili na kumi.

Akakung'uta udongo viganjani. Kisha akasema ni miguu yake, yeye ana miguu mirefu, akasimama, akanivuta mkono niinuke.

Mkubwa wako,
Weldon